Mama anataka kunijazia nyumba, nami nataka ibaki tupu

Hujambo mama mshauri,

Nina miaka 29, ni karani wa hesabu katika kampuni moja ndogo mjini, na naishi peke yangu kwenye bedsita hapa Roysambu, Nairobi. Mama yangu anaishi Kayole na anauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba tangu nikiwa darasa la pili. Tunapendana sana. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayokueleza yanaweza kukufanya udhani hatupatani.

Kwangu mna godoro lililolazwa sakafuni, meza moja, viti viwili vya plastiki na meko ya kilo sita. Nina sufuria mbili, sahani mbili na vikombe viwili. Nguo zangu zote zinaenea kwenye kamba moja nyuma ya mlango. Sina kochi, sina televisheni, sina zulia, sina kabati. Si kwamba nimekosa pesa. Miaka miwili iliyopita nilianza kutazama video za watu wanaojiita minimalisti, yaani walioamua kubaki na vile vitu wanavyovihitaji tu. Wengine walinichekesha, kama yule aliyehesabu mpaka soksi. Lakini kuna kitu kilichonishika: chumba cheupe, dirisha, na sakafu inayoonekana kutoka ukuta hadi ukuta.

Ili unielewe, nikueleze nilikolelewa. Tulikuwa watu wanne katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Humo ndani kulikuwa na seti ya kochi, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea, pazia katikati, mitungi ya maji chini ya meza, na beli za mitumba kila palipobaki nafasi. Kazi ya shule niliifanyia juu ya beli. Harufu ile ya nguo zilizokaa kwenye kontena naijua kuliko harufu ya maua. Sikuwahi kuiona sakafu ya nyumba yetu yote kwa mara moja mpaka vitu vilipouzwa.

Viliuzwa mwaka 2018. Gikomba iliungua mwezi Juni, na kibanda cha mama kikateketea pamoja na beli tatu alizokuwa amechukua kwa mkopo. Mimi nilikuwa chuoni. Akaanza kuuza vya nyumbani, kimoja kimoja: kabati, kochi, friji. Friji tuliyoilipia pole pole kwa zaidi ya mwaka iliondoka kwa shilingi 8,000. Nilimwona akiipangusa na kitambaa kabla haijapakiwa kwenye mkokoteni. Siku hiyo nikaapa kwamba sitapenda kitu namna hiyo maishani.

Tangu nihamie huku, mama haji mikono mitupu. Kwanza alileta vitambaa alivyovifuma mwenyewe, vya kufunikia kochi nisilokuwa nalo. Kisha blanketi mbili. Mwaka jana akaleta chupa ya chai ya lita tatu, yenye maua mekundu. Mimi chai nanywa kikombe kimoja asubuhi. Nikampa mke wa mlinzi wetu, ambaye ana watoto watano. Mwezi wa Mei mama alikuja bila kupiga simu akanikosa, na mlinzi akamkaribisha anisubirie kwenye kijumba chake hapo langoni. Mkewe akammiminia chai. Kutoka kwa chupa ileile.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilipofika aliniambia tu, "Chai yao ni tamu," tukakaa kidogo, akaenda kupanda matatu.

Wiki hiyohiyo kaka yangu akanipigia simu kuniuliza siku hizi nasali kanisa gani. Kumbe nyumbani wanashuku nimeingizwa kwenye dhehebu la ajabu.

Sasa kuna hili la chama. Mama yuko kwenye chama cha vyombo cha wanawake kumi na wanane, wengi wao wachuuzi. Kila mwezi wanamnunulia mmoja wao: seti za sufuria, sahani, mapazia, masinia. Zamu ya mama ni mwezi ujao, naye ametangaza kwamba ameipokeza kwangu. Watakuja wote Roysambu siku ya Jumamosi, waimbe, wakabidhi vyombo, tule. Hakuniuliza. Nilipomwambia sina pa kuviweka, alinijibu, "Nimewanunulia mabinti za watu miaka kumi na miwili. Mimi binti nina mmoja."

Maisha haya yamenipa amani. Yameniwezesha pia kuweka shilingi 260,000 kwenye sacco, ingawa mama hajui. Simwombi mtu kitu. Pasi naazima kwa jirani, ni kweli, na sufuria kubwa ya mama iko kwangu tangu Pasaka nilipowapikia wenzangu wa kazini, lakini hayo ni madogo. Mama fua huja na beseni zake.

Nikikubali, nitaamka kila siku ndani ya chumba cha Kayole nilichokikimbia. Nikikataa, nitamwaibisha mama mbele ya watu aliowachangia karibu nusu ya umri wangu. Nifanyeje?

Mwenye Sahani Mbili, Roysambu


Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka nilipofika kwenye vitambaa vya kochi ambalo halipo. Mara ya pili kicheko hakikuja, kwa sababu nilikuwa nimeshajua maneno yale yanakuja: chai yao ni tamu. Wewe umeyasikia kama lawama. Labda ni lawama. Labda pia alikuwa anatafuta la kusema ili asilie langoni mwa watu.

Nikikuelewa vizuri, huniulizi kama una haki ya kuishi na sahani mbili. Unalipa kodi mwenyewe na hujamkosea mtu kwa kulala chini. Kinachokutesa ni kwamba sakafu ileile inayokupumzisha wewe humtia mama yako uchungu akiiona, na sasa wanawake kumi na wanane wako njiani na masinia yao. Tena una hofu ambayo hukuitaja moja kwa moja: kwamba chumba kile cha Kayole kitakufuata popote uendapo.

Nianzie kwenye friji, maana hapo ndipo barua yako yote inapogeukia. Nyote wawili mlisimama mlangoni mkiuangalia mkokoteni mmoja ukiondoka. Wewe ukajifunza kwamba vitu vinavunja moyo, kwa hiyo heri kutokuwa navyo. Nahisi yeye alijifunza kinyume. Moto ulichukua kila kilichokuwa sokoni, na kilichomwokoa ni kile kilichokuwa nyumbani. Siku ambayo hakuna mtu angemkopesha, friji iligeuka kuwa benki, kochi likawa benki, kabati la vikombe visivyonyweka likawa benki. Bei ilikuwa ya kutupa, sikatai. Lakini zile 8,000 zilikwenda wapi? Hukuandika. Unachosema ni kwamba wakati huo ulikuwa chuoni, na sasa wewe ni karani wa hesabu. Sitaki kukusomea hesabu zako mwenyewe. Ila ningekuwa wewe ningemuuliza.

Ajabu ni kwamba msiba hauna somo moja. Baada ya tetemeko kubwa la Machi 2011 huko Japani, baadhi ya watu walioamua kuishi na vitu vichache walieleza kwamba waliona makabati na vyombo vikiporomoka na kugeuka hatari ndani ya nyumba zao wenyewe. Wakapunguza. Mwanamke wa Gikomba aliyeunguliwa anasema, kesho ikiungua tena nitauza nini? Akaongeza. Mimi siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba ameelewa vibaya maisha yake.

Wewe umeuchukua usemi huu wa minimalisti kwenye video, na humo una sura moja: ukuta mweupe, mmea mmoja, mtu mmoja asiye na watoto. Lakini maisha ya vitu vichache yamekuwepo hapa kwetu kwa majina mengine. Wagabra na Warendille wa Marsabit huipakia nyumba nzima juu ya ngamia, na kisichobebeka hakina kazi. Hawakufanya hivyo ili wapate utulivu wa roho. Malisho yakiisha lazima uhame, na utajiri wao una miguu, hauwekwi kwenye kabati. Mtawa wa Kifransisko ana kanzu na kiapo cha ufukara. Kuna Waislamu waliochagua zuhudi, wakaipa dunia nyongo kwa kumtafuta Mungu. Halafu kuna majirani zetu wa mitaa ya mabanda ya Mukuru na Mathare wenye sahani mbili kama zako, ila wao hawakuzichagua, na hakuna anayewapiga video. Mama yako akiingia kwako, macho yake hayana namna ya kutofautisha. Ametumia miaka thelathini kuondoka kwenye godoro la sakafuni. Anafungua mlango wako, analikuta.

Ndiyo maana hata lile swali la kaka yako usiliudhikie sana. Tangu mkasa wa dhehebu la msitu wa Shakahola wa mwaka 2023, ambapo ilifukuliwa miili zaidi ya 400 na tukasikia jinsi watu walivyouza mali na kuacha kazi kabla ya kuingia msituni, familia nyingi hapa Kenya zimekuwa na woga mpya. Kijana akianza kugawa vitu vyake bila maelezo, watu hawawazii ukuta mweupe. Kaka yako alikuwa anakagua kama uko salama. Amekagua vibaya, lakini amekagua.

Kuna jambo jingine la mama yako ambalo nadhani hujaliangalia kwa upande huu, na mimi lenyewe lilinijia nikiosha vyombo. Kazi yake ni kuishi kwa vitu ambavyo watu wengine wameamua hawavihitaji tena. Mtu wa Uingereza au Canada anasafisha kabati lake, anajisikia mwepesi, anaenda zake. Mzigo unafungwa beli, unavuka bahari, unafunguliwa Gikomba. Mama yako anachagua kamera, yaani nguo bora, anapanga, na fagia, yaani nguo duni, inabaki mikononi mwake. Isiyouzika huishia kwenye jalala la Dandora au kwenye mto. Yaani wewe umelelewa chini ya wepesi wa watu wengine, mpaka ukafanyia kazi ya shule juu yake. Halafu wewe mwanawe nawe unaanza kusafisha kabati, na cha kwanza kutoka ni alichomletea yeye. Sisemi ulikusudia. Ulimpa mama mwenye watoto watano kitu chenye manufaa kwake, na hilo ni jema. Nasema tu kwamba mama yako anajua kuliko watu wengi kitu kilichokataliwa kinaonekanaje.

Sasa nikuulize kwa upole. Umeandika kwamba humwombi mtu kitu, na sentensi iliyofuata ikawa na pasi ya jirani, sufuria ya mama na beseni za mama fua. Sikukamati uwongo, kuazimana ni uungwana, na pasi moja kwa milango minne ni akili kuliko pasi nne. Lakini hebu itazame hivi: je, una vitu vichache, au vitu vyako vinatunzwa na watu wengine? Ile sufuria kubwa, mama yako ameitunza miaka yote katika chumba kilichojaa ili siku ya wageni wako usihangaike. Kama naye angeishi unavyoishi, Pasaka ile ungepikia nini? Labda bado unaiona njia yako kuwa sahihi ukishajibu swali hilo. Mimi pia huiona hivyo siku nyingi. Nina vifuniko kumi na kimoja vya sufuria nyumbani na sufuria tisa, na mikebe ya siagi ambayo ndani yake kuna kila kitu isipokuwa siagi. Nikisoma maelezo ya chumba chako nilipata wivu kidogo.

Tuje kwa Jumamosi yenyewe.

Unaweza kukubali yote, waimbe, wale, waende, kisha baadaye ugawe kimyakimya. Wengi wangefanya hivyo, na kwa mtu mwingine ningesema sawa. Kwako naogopa, kwa kuwa umeshaona jinsi kitu kilichogawiwa kinavyoweza kurudi na chai ndani. Wanawake kumi na wanane wana macho thelathini na sita, na wanazunguka mji huu kuliko sisi.

Unaweza kukataa waziwazi. Utabaki na chumba chako. Lakini chama cha vyombo si duka ambalo unaweza kusema leo sinunui. Ni deni linalozunguka. Mama yako alipompelekea binti wa mwenzake masinia mwaka ule, alikuwa anaweka kitu pahali ili kije kimrudie kupitia kwako. Ukikataa, unamwacha na miaka kumi na miwili ya risiti zisizolipwa. Na nyuma ya mgongo wake ataulizwa binti anapikia nini. Wewe hutakuwepo kujibu.

Katikati ya hizo mbili kuna njia zenye matope. Kwa mfano, umwombe mama azungumze na wenzake kuhusu kinacholetwa, si kama kiletwe. Siku hizi vyama vingine vinakubali mwenye zamu aseme anachohitaji: mtungi wa gesi, tangi la maji, hata pesa taslimu. Wewe hata pasi huna, na mgawo wa maji wa mji huu hauheshimu falsafa ya mtu. Kitu cha kuhifadhia maji hakiwezi kuitwa takataka. Hatari yake ni kwamba kwa wanawake wengi wa umri wa mama yako, pesa huisha siku hiyohiyo na sufuria huonekana miaka ishirini. Wanaweza kuona kama unawapangia zawadi, na hilo halipendezi. Mama ndiye anayejua kama chama chake kinaweza kulimeza jambo hilo, si mimi.

Au umwombe zamu aichukue mwenyewe, kwake Kayole, na wewe uwe mwenyeji wa siku hiyo: upike, upakue, uimbe nao. Tangu 2018 amerudishiwa nini katika vile vilivyouzwa? Huenda amepeleka zamu kwako kwa sababu hajui kujinunulia. Huenda pia anachotaka hasa ni kupanda ngazi za nyumba ya binti yake akiwa na wenzake nyuma, wamwone amefika, na Kayole haiwezi kumpa hilo. Njia hii inaweza kumponya au kumuumiza zaidi. Inategemea utamwomba kwa sauti gani, na kama utamwomba kabla hujamsikiliza.

Kuna pia ile akiba ya sacco. Nashuku nusu ya uchungu wake ni kudhani umeishiwa na unaona haya kusema. Akijua zile 260,000 anaweza kulala vizuri, kwa kuwa yeye na wewe mnafanya kitu kimoja: yeye anaweka kesho yake kwenye kabati, wewe kwenye kitabu cha sacco. Hata hivyo sikusukumi. Ukilitaja mbele ya familia, kaka yako anaweza kukumbuka haja aliyokuwa ameisahau, na pesa zikishatajwa zinakuwa na wenyewe wengi. Unaweza kumwonyesha mama bila kutaja kiasi. Unaweza pia kuona kwamba hiyo ni siri unayostahili kubaki nayo. Hapo unamjua yeye na kaka yako kuliko mimi.

Na chumba cha Kayole, kile kinachokutisha: sufuria tano hazitakirudisha. Kilichokubana pale si vitu tu. Kulikuwa na watu wanne, mkopo, na mtoto asiyekuwa na mahali pa kunyoosha mguu. Ukivihesabu vitu peke yake unaweza kuendelea kupunguza mpaka ubaki na sahani moja na bado ukajisikia umebanwa. Hata Marie Kondo, yule Mjapani aliyewafundisha watu dunia nzima kubaki na kinachowafurahisha tu, mwaka 2023 alikiri kwamba baada ya mtoto wa tatu alikuwa ameachilia kidogo habari ya nyumba nadhifu. Hakuaibika. Maisha yalikuwa yameongezeka ndani ya nyumba. Ya kwako hayajaongezeka, na labda hayataongezeka kwa namna hiyo. Ninachokuomba usiweke kiapo cha siku ya mkokoteni mbele ya kila kitu utakacholetewa.

Unamaliza kwa kuuliza ufanyeje, nami nimezunguka kama matatu inayotafuta abiria. Ni kwa sababu naona mnaweza kufika mahali ambapo wewe na mimi hatujapaona bado, kama tu mazungumzo yataanza mbali na hiyo Jumamosi. Usimpigie simu. Nenda Kayole jioni moja akitoka sokoni, kabla hajavua viatu. Usianze na chama. Muulize kuhusu friji. Akinyamaza, mwache anyamaze. Chupa ya chai itajitokeza yenyewe, na hapo utajua kama ni wakati wa kuomba msamaha au wa kueleza, maana si kitu kimoja.

Na mwanangu, ukienda, mrudishie ile sufuria. Ni tangu Pasaka.